Mke wangu anakunywa dawa za uzazi, mimi nimeficha vidonge vyangu

Barua ya msomaji

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina umri wa miaka 36, na ninaishi na familia yangu katika Wilaya ya Kongwa, si mbali sana na Kibaigwa. Nimeoa, na Mungu ametujalia binti mmoja ambaye sasa ana miaka 7. Naomba usitaje jina langu wala la shule yangu, kwa sababu huku kwetu habari za mtu hufika gulioni kabla ya mwenyewe kufika.

Mwaka 2020 nilianza kuharisha choo chenye damu na ute. Nilikwenda zahanati, kisha katika hospitali moja, nikaambiwa ni amiba. Nilimeza metronidazoli, nikapata nafuu ya wiki moja, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Safari nyingine nikaambiwa ni taifodi, nikachomwa sindano. Niliendelea hivyo kwa karibu miaka miwili, hadi nikapungua kilo 14 na wanafunzi wakaanza kuninong'oneza mgongoni. Mwaka 2022 ndipo nilipopewa rufaa ya kwenda Dodoma mjini, nikapimwa utumbo mpana kwa kamera, wakachukua vinyama vidogo vya kupima maabara, na daktari akaniambia kwamba utumbo wangu umevimba na kupata vidonda kwa sababu ya kinga ya mwili wangu mwenyewe. Aliandika kwamba ugonjwa huo ni kolaitisi ya vidonda. Nilipimwa pia VVU na kifua kikuu, vyote sina. Nilianzishiwa prednisoloni kwa wiki kadhaa, ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikaisha, nikabaki na salfasalazini ambayo ninaimeza kila siku mpaka leo, pamoja na foliki asidi.

Mke wangu nilimwambia kwamba nina vidonda vya tumbo. Niliogopa kusema "ugonjwa wa kinga", kwa kuwa masikioni mwa watu wa kwetu maneno hayo yana maana moja tu, na nilikuwa nimekonda kiasi kwamba hakuna ambaye angeamini majibu ya maabara. Vidonge vyangu ninavifungia shuleni kwenye droo, chini ya maboksi ya chaki. Siku za kliniki ninaaga kwamba ninakwenda kwenye semina mjini.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuta karatasi ya foliki asidi kwenye mfuko wa koti langu. Vidonge hivyo anavijua vizuri, kwa sababu alivimeza alipokuwa na ujauzito wa binti yetu. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, nani mjamzito?" Nikamdanganya kwamba mwalimu mwenzangu alinituma nimnunulie. Tangu siku hiyo ananihudumia kama kawaida, ila haniulizi tena kuhusu safari zangu, na ukimya wake unanitisha kuliko maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu 2022 tunatafuta mtoto wa pili bila mafanikio. Mama yangu mzazi amemletea mke wangu dawa ya mizizi ambayo anakunywa kila jioni, na shangazi zangu wanasema tumbo lake limefunga. Mwezi uliopita nilisoma kile kikaratasi kinachokuja na salfasalazini, nikaona imeandikwa kwamba dawa hiyo inaweza kupunguza mbegu za kiume. Nilikosa usingizi.

Kwa sasa najisikia mzima. Uzito umerudi, choo ni cha kawaida, tatizo langu dogo ni magoti kuuma, na hapo huwa ninanunua diklofenaki duka la dawa. Nimefikiria kuacha salfasalazini kimyakimya kwa miezi kadhaa, nitumie dawa ya chupa ya kuongeza kinga ambayo mwenzangu mmoja anaiuza, tupate mtoto, halafu nirudie vidonge. Hakuna atakayejua. Lakini moyo hautulii. Je, niache dawa? Nimwambie mke wangu baada ya kumficha kwa miaka yote hii? Na je, si nitamrithisha mtoto ugonjwa huu?

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu, Kongwa

Jibu la Mshauri

Marahaba, Mwalimu wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nilikwama palepale, pale mkeo anapokunywa dawa ya mizizi kila jioni. Umeliandika jambo hilo kwa sentensi moja na ukapita. Mimi nitalirudia, lakini kabla ya kufika huko kuna mambo ambayo naona yamekaa kichwani mwako kwa namna isiyo sahihi, na kwa sababu hiyo uamuzi wako umekuwa mzigo mzito zaidi kuliko ulivyo.

Kama nimekuelewa, unajiona umesimama kwenye njia panda, upande mmoja vidonge na upande mwingine mtoto, na unadhani unaweza kupita upande wa pili usiku, watu wakiwa wamelala, kisha ukarudi kabla ya asubuhi. Nami nakuuliza kama kweli njia ziko mbili tu.

Nianze na neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililozaa siri yote: kinga. Uliliogopa kwa sababu watu wetu wakisikia ugonjwa wa kinga wanaelewa UKIMWI, ambao huiangusha kinga ya mwili. Wako ni ugonjwa wa namna nyingine kabisa. Kinga yako haijashuka. Inafanya kazi kupita kiasi, na inaifanya mahali pasipostahili. Ndani ya utumbo wa binadamu yeyote wanaishi bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wake mwenyewe, na kinachowatenga na damu yake ni ukuta wa seli uliopangwa safu moja tu, ambao hujivua na kujijenga upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Juu ya ukuta huo pametandazwa ute, na katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili, lile la ndani likiwa limeshikamana kiasi kwamba bakteria hawalipenyi kwa urahisi. Nyuma ya ukuta ndipo lilipo jeshi kubwa la chembe za kinga.

Watu wengi hudhani kazi ya jeshi hilo ni kupigana tu. Kwa kweli, kazi yake ya kila siku ni kuvumilia. Chakula ni kitu kigeni, bakteria ni viumbe wageni, na kama kila kigeni kingepigwa, binadamu asingemaliza wiki. Kwa hiyo zipo chembe maalumu ambazo wajibu wake ni kuzituliza nyingine, na zipo kingamwili zinazomwagwa kwenye ute kila siku ili kuwashika bakteria wasiukaribie ukuta, bila kuzusha vurugu. Hatari ya kweli inapotokea, kwa mfano amiba anapochimba ukuta, kengele hupigwa kwa njia ya kemikali, mishipa ya damu hutanuka, chembe nyeupe humiminika mahali palipojeruhiwa, pakavimba, pakawa pekundu na kuuma. Uvimbe huo ni msaada. Hatari ikiisha, kengele hunyamaza.

Kwa mwenye ugonjwa wako, kengele hainyamazi. Chembe nyeupe zinaendelea kumiminika kwenye ngozi laini ya utumbo mpana, kuanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu, na kemikali zake zinauchubua ukuta mpaka unatoa damu. Hakuna sababu moja iliyothibitishwa kuwa ndiyo chanzo. Wataalamu wanazungumzia mchanganyiko wa urithi, bakteria wenyewe na mazingira tunayoishi. Hukuupata kwa uzembe wako wala kwa mwenendo mbaya, na huwezi kumwambukiza mkeo wala binti yako.

Sasa itazame tena ile chupa ya kuongeza kinga. Sijui ndani yake muna nini, na nina mashaka kama anayekuuzia naye anajua. Ila hata ingekuwa inafanya kile inachokiahidi, ungekuwa unaongeza askari mahali ambapo askari wamekwisha kuzidi. Kuhusu diklofenaki ninakuomba uwe mwangalifu zaidi, kwani dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Tena hayo magoti yenyewe yanaweza kuwa sehemu ya ugonjwa huohuo, maana kinga iliyochafuka tumboni huweza kujionyesha kwenye viungo, machoni na hata kwenye ngozi. Daktari wako anajua kwamba magoti yanakuuma? Hukusema kama umemwambia.

Nifungue mabano kidogo kuhusu ile miaka miwili ya amiba na taifodi. Ninaelewa uchungu wako, na kwa kweli muda ule ulikuwa mrefu mno. Hata hivyo, nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na najua kwamba katika mazingira yetu choo chenye damu lazima kwanza kitafutiwe amiba, kichocho na bakteria, na kwamba kumpa mtu prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, ilhali ana amiba kunaweza kumletea maafa. Kosa lao halikuwa kuanza na amiba. Kosa lilikuwa kuirudia amiba mara ya tatu na ya nne bila kujiuliza. Nafunga mabano.

Tuje kwenye salfasalazini. Ulichokisoma ni kweli, lakini kikaratasi hakikukumalizia habari. Dawa hiyo ilitokana na kazi ya daktari wa Sweden, Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta tiba ya ugonjwa wa viungo, na katika miaka ya 1940 ikaonekana kwamba inawafaa pia wagonjwa wa utumbo. Imeundwa kwa vitu viwili vilivyofungwa pamoja: kimoja ni cha jamii ya salfa, jamii ileile iliyomo ndani ya Septrin, na kingine ni mesalazini, ambayo ndiyo hasa inayotuliza uvimbe. Kidonge hupita tumboni kikiwa kimefungwa, kinafika utumbo mpana, na huko bakteria walewale niliowataja ndio wanaokata fundo na kuifungua mesalazini mahali inapohitajika. Mimi huwa ninalistaajabia jambo hilo. Ile salfa iliyobaki huingia kwenye damu, na ndiyo inayolaumiwa kwa kupunguza idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake. Foliki asidi unapewa kwa sababu dawa hii huzuia mwili usiifyonze vizuri kutoka kwenye chakula. Ndiyo maana kidonge cha wajawazito kilikutwa kwenye koti la mwanamume.

Kilichobaki ambacho hukukijua ni kwamba athari hiyo si ya kudumu. Kwa kawaida mbegu hurudi katika hali yake ndani ya miezi 2 hadi 3 baada ya dawa kuachwa au kubadilishwa. Na nimesema kubadilishwa kwa makusudi, kwa sababu mesalazini hupatikana pia peke yake, bila salfa, na tatizo hili la mbegu huhusishwa na salfa. Kwa hiyo ipo njia ya tatu ambayo hukuiona: kumwambia daktari wako kwamba mnatafuta mtoto. Hakuna mahali kwenye barua yako panapoonyesha kwamba umewahi kumwambia. Njia hiyo nayo ina vizingiti vyake. Mesalazini mara nyingi ni ghali kuliko salfasalazini, haipatikani kila duka, na utahitaji kuuliza mapema kama bima yako inailipia. Pengine daktari atakuwa na sababu zake za kutaka ubaki na ile ya zamani, hasa kama magoti ni sehemu ya ugonjwa, maana salfasalazini husaidia pia viungo. Ni jambo la kujadiliana naye uso kwa uso.

Kuiacha kimyakimya kuna sura nyingine. Unasema unajisikia mzima, nami nafurahi kusikia hivyo. Lakini katika ugonjwa huu kujisikia mzima na utumbo kupona si kitu kimoja. Kipo kipimo cha choo, kinaitwa kalprotektini, kinachopima protini inayoachwa na chembe nyeupe ndani ya utumbo, na huweza kuonyesha uvimbe kwa mtu ambaye hana dalili hata moja. Dawa uliyonayo sasa kazi yake kubwa ni kuufanya ugonjwa uendelee kulala. Ukiiacha, pengine utakaa miezi bila tatizo, na pengine utaamshwa usiku na damu kama ile ya mwaka 2020, urudi kwenye prednisoloni, upungukiwe na damu, na hapo mtoto unayemtafuta awe mbali zaidi, kwa sababu mwili unaoumwa hauna uchangamfu wa kutafuta mtoto. Tena ungekuwa unaumwa mbele ya mke anayejua kwamba una vidonda vya tumbo tu. Wewe ndiye unayeujua mwili wako, na wewe ndiye utakayepima. Ninachotaka ni kwamba ukipima uweke mizani yote miwili.

Kuna dhana nyingine ninayotaka kuigusa taratibu. Umehukumu tayari kwamba dawa ndiyo iliyowanyima mtoto. Yawezekana. Lakini wapo wanaume wanaotumia salfasalazini na wakazaa, na zipo sababu nyingine za mtoto wa pili kuchelewa, kwa mume au kwa mke, ambazo hakuna hata mmoja kati yenu aliyepimwa. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko kamera uliyoivumilia. Kingekupa jibu ambalo kikaratasi hakiwezi kukupa.

Sasa nirudi kwa mkeo, Mwalimu. Unaandika kwamba ulificha ili kuilinda nyumba yako. Ninaamini ulikuwa na nia hiyo, na mwaka 2022, ukiwa umekonda na umechoka, huenda ningefanya kama wewe. Lakini hebu itazame nyumba hiyo leo. Mama huyu anakunywa kila jioni dawa chungu isiyojulikana, kwa tatizo ambalo huenda liko kwenye droo, chini ya maboksi ya chaki. Shangazi zako wanamwita mwanamke aliyefungwa tumbo, naye hana la kujibu. Juu ya hayo anaamini, au anakaribia kuamini, kwamba mjini kuna mwanamke mwingine mwenye mimba ya mumewe. Ukiniuliza kama unapaswa kumwambia, sitakujibu kwa niaba yako. Ila ninakuuliza, siri hii kwa sasa inamlinda nani?

Kumwambia kuna hatari zake, na sitakuficha. Anaweza kukasirika, na hasira hiyo huenda isiwe juu ya ugonjwa bali juu ya miaka ya semina. Anaweza kudai uthibitisho, kwa kuwa ulishamdanganya kuhusu foliki. Anaweza, kwa uchungu, kumweleza mama yake, na habari ikafika gulioni kama unavyoogopa. Kwa upande mwingine, anaweza kushusha pumzi ambayo ameishikilia tangu mwezi wa tatu. Wewe unamfahamu, mimi ninamfahamu kwa swali lake moja tu, na swali lile halikuwa la mtu anayetafuta ugomvi.

Zipo namna za kulisema. Wapo wanaokaa chini nyumbani, mtoto akiwa amelala, wakaweka mezani karatasi zote, pamoja na majibu ya VVU. Wapo wanaoona maneno yatawashinda, wakamwomba mwenza afuatane nao kliniki ili daktari aeleze, na hapo mke anapata pia nafasi ya kuuliza maswali yake mwenyewe na ya kupimwa. Ukichagua njia hiyo ya pili, fikiria kama ni haki asikie kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Pengine neno fupi njiani, ndani ya basi la kwenda Dodoma, lingetosha kumwandaa. Na mkishazungumza, suala la nani mwingine aambiwe, na kwa maneno gani, mnaweza kuliamua wawili. Mama yako si lazima ajue habari za utumbo wako. Ila nadhani kuna mtu anayepaswa kumwambia mama yako kwamba ile mizizi iishie hapo, na sioni mtu huyo ni mwingine zaidi ya mwanawe.

Kuhusu mtoto kurithi, nitakuwa mfupi. Watoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu wana uwezekano mkubwa zaidi kuliko watoto wengine, lakini walio wengi hawaupati kamwe. Binti yako wa miaka 7 yupo, anakua, na hujaniambia kwamba anaumwa.

Usisahau pia kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha kamera cha kurudia, kwani ugonjwa ukishakaa miaka 8 hivi, uwezekano wa saratani ya utumbo mpana huongezeka na madaktari hupenda kuuchungulia kila baada ya muda. Ukihesabu kuanzia 2020, miaka hiyo haiko mbali.

Kliniki yako ijayo ni lini? Kama ni mwezi huu, una wiki chache za kuamua utaaga nyumbani kwa maneno gani. Niandikie tena ukirudi, hata kama hujamwambia, na hasa kama hujamwambia.

Ni mimi,
Mama Mshauri